Hiyo Spika Haijachanika! Tuisikilize Ilimba Juu ya Gitaa

Mbukwenyi wadau! Mtanisamehe, upepo wa Dodoma leo unaingia mpaka kwenye maiki.

Wiki iliyopita mmenishambulia kwenye komenti: “Kaka, unatuletea midundo ya ajabu, tupe singeli.” Sawa. Hiyo singeli yenyewe si ilitokana na watu wa uswahilini Dar kukatakata vipande vya taarabu na kuvikimbiza? Mchanganyiko mnaucheza kila siku, mkiambiwa jina lake ni “fusion” mnakunja uso.

Leo ni Assembly, albamu ya 2002. Hukwe Zawose na Michael Brook. Mzee Zawose, mwimbaji na mpiga ilimba wa Kigogo, simtambulishi sana, huyo ni wa kwetu. Brook ni Mkanada, mpiga gitaa, alijitengenezea gitaa ambalo noti moja inavuta tu, haikatiki.

Mara ya kwanza niliipiga kwenye sabufa, nikasikia zzzz. Nikajua spika imekwenda. Nimeikaza nati, nimebadilisha waya, zzzz iko palepale! Kumbe ni ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vyuma vyembamba juu ya kisanduku cha mbao.

Kamera sogea. Sogea bwana! Hii nimeazima kwa babu jirani. Mnaona vyuma hivi vya pembeni? Sivigusi kabisa. Nagonga huu wa katikati… ting. Sasa naweka ukucha kwenye wa pembeni, kidogo tu. Unatetemeka! Hakuna aliyeugusa, umeitikia wenyewe. Tena. Ting. Mmeona?

Na kwenye tundu hili hapa, huo ni utando wa buibui. Siongezi chumvi. Gonga, inavuma kama mzinga wa nyuki. Nafunika kwa kiganja, polepole nisiutoboe, babu ataniua… gonga. Imekufa. Unabaki mlio mkavu kama kijiko kwenye sufuria. Naachia… haya, nyuki wamerudi. Huo mvumo ndio roho ya chombo, halafu mtu anataka kuufuta kwa kompyuta eti ni kelele!

Sasa gitaa la Brook linapita chini ya nyuki hao, refu, halina haraka. Ningewachezea zaidi ila video itashushwa, mnajua mambo ya hakimiliki.

Nilikuja hapa niwaambie Assembly haina kasoro. Lakini jana usiku nimeirudia kwa hedifoni, na kuna mahali gitaa linamfunika mzee. Linajaa mno. Nikahamia Maisha, albamu ya The Zawose Queens ya 2024. Hao ni Pendo, binti wa Mzee Zawose, na Leah, mjukuu wake. Miaka wameimba nyuma, na ilimba na zeze vilihesabiwa vya wanaume. Sasa wako mbele, na vyombo vya umeme vimekaa pembeni kwa adabu. Kwa mgeni kabisa, anza na hiyo. Assembly ije ya pili. Ndiyo, nimebadilisha mawazo katikati ya video, mtanifanya nini?

Bei? Bando lako tu. Ila msisikilize kwa spika ya simu, nyuki wote wanafia humo. Hedifoni zangu ni za elfu kumi na tano, soko la Majengo, na zimeutoa mvumo wote.

Jumamosi nitakuwa laivu, nikipata umeme. Bonyeza kengele. Mimi nakimbia kurudisha ilimba kabla babu hajatoka msikitini.