TAHADHARI: Muuzaji wa pampu za joto anayelipwa kwa akiba anayoipima mwenyewe

Ninaandika tahadhari hii kwa wenye nyumba wanaofikiria kufunga pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayohamisha joto kutoka hewani au ardhini ili kupasha nyumba na maji, na kwa wale ambao tayari wanayo na wamefuatwa na muuzaji anayeahidi kupunguza matumizi ya umeme bila kudai malipo mpaka akiba ionekane. Kazi yangu ni ufundi umeme. Katika nyumba nilizoitwa kukagua baada ya bili kupanda badala ya kushuka, nimekuta mbinu ileile imetumika, kwa mkataba uleule uliobadilishwa nembo tu. Simtaji muuzaji huyo kwa jina kwa kuwa jina analojiita leo silo alilojiita kwa mteja aliyetangulia. Kinachofaa kutambuliwa ni namna anavyofunga mita zake.

Mkataba wenyewe unasomeka vizuri. Muuzaji hufunga pampu, huweka mita yake ndogo ya umeme kando ya mashine pamoja na kipimo cha joto kwenye mabomba, na kila mwezi hugawanya joto lililotoka kwa umeme ulioingia. Jibu hilo, yaani ufanisi wa mashine, hulilinganisha na hita ya kawaida, ambayo kwa uniti moja (kilowati-saa moja) ya umeme hutoa uniti moja ya joto na si zaidi, kisha humtoza mteja sehemu ya tofauti hiyo na kuiita akiba. Kwa hiyo, kadiri umeme unaosomwa unavyokuwa mdogo na joto linalosomwa linavyokuwa kubwa, ndivyo malipo yake yanavyoongezeka, na vipimo vyote viwili ni vyake.

Udanganyifu mkubwa uko kwenye waya. Pampu nyingi za nyumbani zina sehemu mbili zinazokula umeme mwingi: kompresa, inayofanya kazi ya kuhamisha joto kutoka hewani au ardhini, na hita ya ziada iliyo ndani ya tangi au kwenye bomba, ambayo huwaka baridi inapozidi au maji yanapotakiwa yapate moto haraka. Hita hiyo mara nyingi huwa na waya wake na breka yake. Muuzaji ninayemzungumzia hufunga mita ya umeme kwenye waya wa kompresa peke yake, ilhali kipimo cha joto hukiweka baada ya hita, kwenye bomba linalopeleka maji vyumbani, hivyo kikahesabu joto la zote mbili.

Tuchukue usiku wa baridi ambapo kompresa inatumia kilowati 1.5 na kutoa kilowati 4.5 za joto, huku hita ya ziada ikitumia kilowati 3 na kutoa kilowati 3. Jumla ya joto ni kilowati 7.5. Kwenye karatasi ya muuzaji, 7.5 inagawanywa kwa 1.5 na ufanisi unakuwa 5, namba ya kumfanya mteja ampe mkono kwa furaha. Ukweli ni kwamba nyumba imetumia kilowati 4.5 za umeme, na ufanisi halisi ni chini kidogo ya 1.7. Tena, usiku ule mbovu kuliko yote ndio unaomletea muuzaji malipo makubwa zaidi, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia shaka yeyote anayesoma mkataba kwa makini.

Kipimo cha joto nacho huchezewa, ingawa kwa ustadi zaidi. Kifaa hicho hupima kiasi cha maji yanayopita na tofauti ya nyuzi kati ya bomba la kwenda na bomba la kurudi. Maji lita 1,000 kwa saa yakiwa na tofauti ya nyuzi 5 yanabeba takriban kilowati 5.8. Sasa, vihisi vya joto vikifungwa juu juu ya bomba kwa utepe, au vikiwa havikulinganishwa kiwandani kama jozi, kosa la nyuzi moja tu huifanya tofauti isomeke 6, na joto linaloandikwa linapanda kwa asilimia 20. Kosa hilo hilo lingekuwa dogo kama tofauti ingekuwa nyuzi 20, lakini pampu za joto hufanya kazi kwa tofauti ndogo, na muuzaji analijua hilo vyema kuliko mteja.

Kuhusu karatasi yenye namba ya ufanisi inayoandikwa COP, sina mengi. Namba kubwa inayotangazwa kwa kawaida ni ile iliyopimwa hewa ya nje ikiwa nyuzi 7 na maji yakitoka kwa nyuzi 35, kwa mujibu wa kiwango cha Ulaya cha EN 14511. Nyumba inayohitaji maji ya nyuzi 55 wakati nje kuna barafu haitaiona namba hiyo. Anayetaka kulinganisha mashine aombe ufanisi wa msimu mzima, unaoandikwa SCOP, na auombe kwa kiwango cha joto cha maji atakachokitumia yeye.

Mteja akianza kulalamika kuhusu bili, muuzaji huyohuyo hurudi na bidhaa ya pili: kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachodaiwa kusafisha umeme na kupunguza matumizi ya kompresa. Onyesho lake linavutia, maana hutumia kipimo halali kabisa, kile cha kubana waya na kusoma ampea. Kabla ya kuchomeka kinasoma ampea 8. Baada ya kuchomeka kinasoma 6. Ndani ya kisanduku mna kapasita, na kapasita hupunguza kweli mkondo unaokwenda na kurudi kati ya mota na mtandao bila kufanya kazi yoyote. Ila mita ya nyumbani haitozi ampea. Kompresa ya zamani inayovuta ampea 8 kwa volti 230, na kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha 0.75, inatumia wati 1,380. Kisanduku kikiwekwa na ampea zikashuka hadi 6, kipengele hicho kinapanda hadi 1, na bado ni wati 1,380, na mita kuu inaendelea kuhesabu uniti 1.38 kwa saa kama ilivyokuwa. Viwanda vinavyotozwa kwa ajili ya mkondo huo vina sababu ya kununua kapasita. Mwenye nyumba anayelipia kilowati-saa hana. Kwa pampu za kisasa zenye inveta, yaani kifaa kinachobadilisha kasi ya kompresa kulingana na mahitaji, ambazo kipengele chao cha nguvu tayari kiko karibu na 1, hata onyesho lenyewe kwa kawaida hugoma, ndiyo maana muuzaji hupendelea kulifanyia kwenye feni au mota aliyokuja nayo mkononi.

Njia ya kumpima haihitaji kifaa cha ghali. Mita nyingi za kidijitali zina taa ndogo inayomweka, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mimweko kwa kilowati-saa moja, kwa mfano 1,000. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa pampu, kisha hesabu mimweko ya dakika moja. Ikiwa ni 40, mashine inatumia kilowati 2.4. Linganisha na mita ndogo ya muuzaji kwa wakati huohuo, kompresa ikiwa peke yake na baadaye hita ya ziada ikiwashwa kwa makusudi. Mita kuu ikiruka juu na ya muuzaji isitikisike, umeshapata jibu. Kwa maji ya kuoga, kumbuka kwamba kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji uniti 9.3 za joto, hivyo pampu nzuri yenye ufanisi wa 3 itatumia uniti 3 na kitu. Anayekuambia ni uniti moja tu, muulize hita ya tangi imeunganishwa kwenye breka ipi.

Kabla ya kutia sahihi, dai iandikwe ndani ya mkataba kwamba mita ya umeme itafungwa mahali inapopita nishati yote ya mfumo, yaani kompresa, hita za ziada na pampu ya kuzungusha maji, na kwamba kipimo cha joto kitafungwa na mtu asiyelipwa na muuzaji. Aliyekwisha kutia sahihi apige picha za mita kuu na mita ya muuzaji kwa saa ileile, kila juma, zikionyesha namba na tarehe, na apinge ankara kwa maandishi badala ya simu. Mita ya muuzaji isifunguliwe wala waya wake usiguswe kabla ya fundi mwenye leseni kuandika ripoti ya namna ilivyofungwa, kwa sababu mkataba niliousoma una kifungu kinachomtoza mteja gharama yote ya mashine endapo kifaa chochote kitakutwa kimesogezwa.