Huduma ya kutafutiwa mwenzi mjini Kisumu: miezi 6, wanaume 2 na swali ambalo fomu haikuuliza

Mwezi wa Aprili, shule zilipofungwa, nilipanda matatu kutoka Luanda, ule mji wa kaunti ya Vihiga, kwenda Kisumu nikiwa na shilingi 6,500 ndani ya bahasha na uamuzi ambao nilikuwa nimeuahirisha kwa miaka miwili. Nilikuwa ninakwenda kujiandikisha katika ofisi inayowatafutia watu wenzi wa ndoa. Nina umri wa miaka 38, ni mwalimu wa shule ya upili, sijawahi kuolewa, na ninatamani sana kuolewa. Ninaliandika jambo hili waziwazi kwa sababu tathmini ya huduma kama hii haiwezi kueleweka iwapo mwandishi ataificha haja iliyompeleka pale. Jina la ofisi nitalihifadhi, kwani ni ndogo, inaendeshwa na watu watatu, na karibu yote nitakayoyasema hapa nimekwisha kuwaambia ana kwa ana.

Ofisi iko katika orofa ya pili, juu ya duka la dawa, si mbali na soko la Jubilee. Ni safi, na chumba cha mahojiano kina mlango unaofungwa, jambo ambalo mtu asiyewahi kuyaeleza mambo haya mbele ya mgeni huenda asilione kuwa kubwa. Aliyenihoji ni mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Kabla hajaniuliza umri wala kazi, aliniuliza hivi: “Mwalimu, ukifika nyumbani jioni, ni kitu gani unachotamani kumwambia mtu?” Nilinyamaza kwa muda, naye hakuniharakisha. Hatimaye nilimwambia kwamba ningependa kuwa na mtu wa kumsimulia siku yangu kabla sijaisahau, na kwamba ningependa pia kumfunikia mtu huyo chakula na kumngoja iwapo amechelewa. Katika mazishi, harambee na mikutano ya kanisa nimezoea kuulizwa tutakula pilau lini, na nimezoea kujibu kwa tabasamu. Mama huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza kile ninachokitaka badala ya kuniuliza ninachosubiri. Kwa saa ile moja peke yake, sijutii nauli wala muda wangu.

Baada ya mahojiano mtu hupewa fomu ya kurasa 4, na hapo ndipo huduma hii inapoanza kupungukiwa. Fomu inauliza umri, kimo, rangi ya ngozi, dini, kiwango cha elimu, kipato, idadi ya watoto na hata vyakula mtu asivyovipenda. Haiulizi ukoo. Nilipotaka kujua sababu, nilijibiwa kwamba ofisi haitaki kuendeleza ukabila, na nia hiyo ninaiheshimu kwa dhati. Hata hivyo, kuulizana ukoo si kuulizana kabila. Kwetu Bunyore, kama ilivyo kwa Waluhya wengine, mtu haoi wala haolewi katika ukoo wa baba yake wala katika ukoo wa mama yake, na majirani zetu Wajaluo nao huchunguza udugu kwa makini kabla ya posa. Swali la ukoo kwetu huulizwa ili ndugu wasioane bila kujua, na huulizwa mapema, kabla moyo haujakaa mahali.

Gharama ya swali hilo kukosekana niliiona mwezi wa Mei. Mwanamume wa kwanza niliyekutanishwa naye alikuwa fundi wa umeme aliyefiwa na mkewe, mtu mpole anayewazungumzia watoto wake wawili kwa majina na kwa fahari. Tulikaa katika mkahawa mmoja kwenye barabara ya Oginga Odinga kwa zaidi ya saa moja, na nilikwisha kuanza kutumaini, mpaka aliponitajia kijiji cha babu yake. Tulipofuatilia majina ya wazee ilidhihirika kwamba yeye ni wa ukoo wa mama yangu, yaani kwangu ni mjomba. Tuliagana kwa heshima, kama watu wa nyumba moja. Dakika moja ya kuuliza ofisini ingetuepusha sote wawili na huzuni ile.

Mwanamume wa pili nitamweleza kwa kirefu zaidi, kwa kuwa jambo lake linamhusu kila mwanamke anayefikiria kutumia huduma za aina hii. Ni mfanyabiashara wa mbao mwenye miaka 44. Tulikutana Dunga mwezi wa Juni, tukala samaki tukiwa tumeliangalia ziwa, na mazungumzo yalikwenda vizuri kiasi kwamba tulipanga kukutana tena baada ya wiki mbili. Siku hiyo ya pili, bila kuulizwa, aliniambia: “Mwalimu, mimi sijafunga ndoa, lakini nyumbani kuna mama wa watoto. Nilidhani ofisi ilikueleza.” Miaka tisa iliyopita wazee wake walipeleka ng'ombe kwa wazazi wa mwanamke huyo, na wanaishi pamoja hadi leo. Alikuwa anatafuta mke wa pili, na hakulificha hilo.

Nilirudi ofisini wiki iliyofuata nikiwa na hasira, nikiamini kwamba alikuwa ameidanganya fomu. Kumbe hakuwa ameidanganya. Fomu iliuliza, “Je, umefunga ndoa?” naye akajibu, “La.” Katika masikio ya watu wengi wa huku kwetu, kufunga ndoa ni kusimama kanisani, msikitini au mbele ya msajili na kutoka na cheti. Aliyepeleka ng'ombe na kupokewa na wakwe atasema kwamba ameoa, lakini huenda asiseme kwamba amefunga ndoa. Aliyeliandika swali alidhani maneno hayo mawili ni kitu kimoja, na aliyelijibu alijua kwamba si kitu kimoja.

Sheria haiyatofautishi maneno hayo kwa namna hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano, yaani ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na ndoa ya kimila ni ndoa kamili. Pale ambapo mila inadai mahari, sheria inasema kwamba sehemu ndogo tu iliyotolewa inatosha kuithibitisha ndoa hiyo. Wanandoa wa kimila wanatakiwa kumwarifu msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu za mila kukamilika, lakini wako wengi ambao hawajawahi kufanya hivyo, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mke na watoto bila kuwa na karatasi yoyote. Zaidi ya hayo, aliye katika ndoa inayoruhusu mitala hawezi, wakati ndoa hiyo ingalipo, kufunga na mtu mwingine ndoa ya mke mmoja, kama vile ya kanisani au ya kiserikali. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ninataka kufunga ndoa kanisani. Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa kabla sijapanda matatu kwenda Dunga.

Simlaumu mwanamke anayeikubali ndoa ya mitala kwa hiari yake, kwani sheria ya kimila inamruhusu. Kilichonichoma ni kwamba mimi sikuulizwa, na mama yule aliyeko nyumbani vilevile hakuulizwa. Usiku ule nililia, na sehemu kubwa ya machozi yale ilikuwa ya kuona kwamba nimewakabidhi watu jambo ninalolithamini kuliko yote, nao hawakulishika kwa mikono miwili.

Kosa jingine nitalitaja kwa kifupi: picha yangu ilitumwa kwa simu kwa mwanamume ambaye sikuwa nimeambiwa habari zake. Niliwakumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanipa haki ya kujua taarifa zangu zinatumiwaje. Waliomba radhi, na tangu siku hiyo hunipigia simu kwanza.

Kuhusu bei, shilingi 6,500 hulipwa zote mwanzoni kwa miezi 6, na ahadi ni kukutanishwa na watu watatu. Mimi nilikutanishwa na wawili. Kwa mshahara wa mwalimu fedha hizo si haba, lakini si kiasi chake kinachonisumbua. Mshenga wa zamani, yule ambaye Wajaluo humwita jagam, naye alipewa chake. Tofauti ni kwamba alifika nyumbani kwa watu, akakaa, akawauliza majirani, akajua nani ana deni, nani ana mke, nani ana hasira. Tena alijulikana na pande zote mbili, na ndoa ikiyumba alitafutwa aeleze. Ofisi ya mjini haiwezi kuwa shangazi wa kila mtu, na watu tunaofanya kazi mbali na kwetu tunaihitaji kwa sababu hiyo hiyo. Lakini inaweza kuuliza alichouliza mshenga, na inaweza kupiga simu moja kwa mzee wa mtaa kabla ya kumkutanisha mtu na mgeni.

Mwishoni mwa Oktoba, muda wangu ulipokwisha, niliwapelekea maneno haya yakiwa yameandikwa kwenye karatasi mbili. Yule mama aliyenihoji aliyasoma yote akiwa kimya, kisha akachukua fomu tupu na kalamu, tukakaa pamoja kwa muda mrefu tukitafuta namna ya kuuliza bila kumvunjia mtu heshima. Niliporudi mwezi wa Desemba, fomu ilikuwa imechapishwa upya. Ukurasa wa pili una nafasi ya ukoo wa baba na ukoo wa mama, na chini yake swali hili: “Je, wewe au wazee wako mmewahi kupeleka mahari, hata kidogo, kwa ajili ya mwanamke ambaye bado hamjaachana?” Mimi nimeongezewa miezi mitatu bila malipo, nami nimekubali kuendelea. Jumamosi ijayo nitakutana na mtu wa tatu. Kwa ridhaa yake nilionyeshwa ukurasa huo kabla ya siku kupangwa, na kwenye swali la mahari ameandika kwa mkono wake mwenyewe: “La, hata kuku.”