Miezi 13 kusubiri kazi ya siku 10: uzoefu wangu wa kurekebishiwa nyumba Pemba

Nilianguka mkarafuu. Kwa mtu wa Pemba maneno hayo mawili yanatosha, hakuna kijiji kisichokuwa na mtu wake. Ilikuwa Septemba, karafuu zimeiva kweli kweli, nikanyoosha mguu kwenye tawi lililoonekana bichi na zima. Tawi la mkarafuu halipindi kwanza ukapata kujua, linakatika tu. Uti wa mgongo ulivunjika kiunoni. Mikono yangu mizima na kifua kizima, lakini kuanzia kiunoni kushuka sina hisia.

Ninayotaka kueleza hapa ni huduma niliyoipata baadaye, ya kurekebishiwa nyumba ili niweze kuishi ndani yake nikiwa kwenye kigari. Taasisi iliyonihudumia sitaitaja. Waliofika kwangu walikuwa watu wema na mafundi hodari, na waliochelewesha mambo sikuwahi kuwaona kwa macho. Ila naamini kuna wenzangu wanasubiri sasa hivi, na kuna wanaoshika mafaili yao, na wote wawili wana haki ya kujua mambo yalivyokwenda.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Wete, ya matofali na bati, ina baraza mbele kama za majirani. Zamani sikuwahi kuyatazama yale mabaraza yetu kwa jicho jengine: ni mahali pa kukaa jioni, pa kuanikia, pa kumpokea mgeni. Nilipotoka hospitali Unguja mwezi wa Disemba nikaliona kuwa ni ukuta. Kimo chake sentimita 48, ngazi tatu. Mlango wa mbele una upana wa sentimita 68 na kigari changu kina 64, kwa hiyo kila nikipita vifundo vya vidole vinakwaruza fremu. Choo kiko uani, cha shimo, cha kuchutama, mlango wake sentimita 58. Hapo kigari hakiingii kabisa.

Usiku niliorudi nilibebwa na wanaume wanne kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Niliona ni mapenzi, na yalikuwa mapenzi kweli. Lakini ilipofika wiki ya tatu nikajikuta nahesabu nani yuko nyumbani kabla sijaomba maji ya kunywa. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, asubuhi anakwenda skuli. Mke wangu hawezi kuninyanyua peke yake, na kila akijaribu namsikia anavyoshika pumzi. Kaka yangu anakuja akiweza. Basi nikaacha kunywa maji baada ya alasiri. Sikumwambia mtu, niliona ndiyo njia ya kupunguza taabu ya watu usiku. Februari nikashikwa na homa kali, mkojo ukawa mzito wa rangi ya chai, nikapelekwa kituo cha afya. Muuguzi akanitazama akasema, "Baba, hunywi maji." Akanieleza kwamba mtu aliyeumia uti wa mgongo kibofu chake hakimaliziki vizuri, na asipokunywa maji ya kutosha maradhi ya njia ya mkojo hayamwachi. Nikaitikia. Sikuwa na nguvu za kumwambia kwamba choo kiko uani, kwenye mchanga na mawe, na kufika huko ni mpaka apatikane mtu.

Tulikuwa na kiti cha plastiki, kile cha kawaida cha shughuli, kaka alikitoboa katikati kwa kisu cha moto tukakiweka juu ya shimo. Ndiyo watu wengi wanavyofanya. Tatizo lake ni miguu ya kiti: sakafu ya saruji ikilowa, inateleza. Mke wangu alikuwa akisimama nyuma ananishika mabega mpaka nimalize. Miezi 13 tumeishi hivyo.

Ombi niliandika Januari. Barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, niliipata siku ile ile, namshukuru. Pale wanakopokea maombi nikaambiwa nimo kwenye orodha, atakuja mpimaji. Alikuja Juni.

Katikati hapo, mwezi wa Machi, wanaume wa mtaani waliona wasingoje. Walifanya msaragambo baada ya sala ya Ijumaa, mmoja akaleta kokoto, mwengine mifuko miwili ya saruji, na kabla ya magharibi mbele ya baraza kukawa na njia ya mteremko yenye urefu wa mita mbili. Nililia siku ile. Lakini nilipopanda kwa mara ya kwanza, mwanangu akiwa nyuma yangu, magurudumu ya mbele yalinyanyuka na kigari kikaenda kinyumenyume. Mtoto alinizuia kwa kifua chake. Mpini ulimpiga mdomoni, jino la mbele likakatika. Naliona kila anapocheka.

Kwa hiyo simo katika wale wanaosema kupima ni kupoteza wakati, jengeni tu. Mpimaji alipofika alikunjua futi yake, akapima kimo cha baraza, akasema kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Yaani 48 mara 12, sentimita 576, karibu mita sita. Sisi tulijenga mbili. Na kutoka baraza hadi njia ya gari kuna mita nne tu, kwa hiyo rampu, yaani hiyo njia ya mteremko, lazima ipinde, na pale inapopinda pawe na uwanja tambarare wa mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kigari kigeuke. Akachora kwa kijiti mchangani, mimi nikaona mara moja. Kazi yake yote haikufika saa moja.

Saa moja hiyo ndiyo niliyoisubiri miezi mitano.

Na hakupima choo. Si kwa uzembe, alinieleza mwenyewe kwa masikitiko: fomu yake ilikuwa ya nyumba, na choo, kwa kuwa kiko uani, kina fomu yake na mpimaji wake. Huyo wa pili alikuja mwisho wa Agosti. Akapima dakika 20. Baada ya hapo karatasi zikavuka bahari kwenda Unguja kupitishwa, zikarudi Novemba, mvua za vuli zimeshika, na mafundi wakaanza kazi Februari.

Nimekaa nikahesabu. Siku moja ya barua, ambayo ndani yake nazitia na zile saa za upimaji, na siku tisa za ujenzi. Siku 10 za kazi ndani ya miezi 13. Zilizobaki zote ni kungoja zamu, na si zamu moja: zamu ya kupimwa, zamu ya kupimwa tena, zamu ya saini, zamu ya mafundi. Kila ukimaliza moja unarudi nyuma ya mstari mwengine. Tena Pemba ukichelewa kidogo unachelewa sana. Laiti ningepimwa Januari, kaskazi kavu, wangejenga kabla ya masika. Kwa kuwa ilipita, masika ikaja, barabara yetu haipitiki kwa gari la mchanga, na baadaye msimu wa karafuu ukawachukua vibarua wote.

Sasa niiseme kazi yenyewe, kwa sababu ni nzuri na inastahili kusemwa. Walikuja mwashi, kibarua wake na fundi wa kuchomelea, na mifuko 15 ya saruji. Ile rampu ya msaragambo hawakuivunja, waliitumia kama kifusi cha ndani, jambo lililowafurahisha sana majirani. Mpya ina ukingo pembeni wa kuzuia gurudumu lisitoke, na uso wake waliukwaruza kwa ufagio saruji ikiwa mbichi ili mvua ikinyesha isiteleze. Mlango wa mbele wakaupanua hadi sentimita 90. Kutoka mlango wa nyuma hadi chooni wakamimina njia ya saruji. Mlango wa choo wakaubomoa, wakaweka mpana unaofunguka kwa nje, maana ukifunguka kwa ndani kigari kinauzuia.

Ndani ya choo, juu ya shimo, mwashi alijenga kiti cha tofali na kuweka mfuniko wa plastiki juu yake, kimo sawa na kiti cha kigari changu, ili nihame kwa kujisukuma kwa mikono bila kupanda wala kushuka. Fundi wa kuchomelea ndiye aliyenigusa zaidi. Alikuwa na karatasi yenye vipimo vya mabomba ya kushikia, lakini hakuchoma kitu. Aliniomba nikae pale, nifumbe macho, nijinyanyue kama nataka kurudi kwenye kigari. Mkono wangu ulipogusa ukuta akatia alama ya chaki. Akaniambia nirudie mara tatu. Alama zote tatu zilikaa karibu karibu, na zilikuwa chini kidogo ya ile ya kwenye karatasi. Bomba akalifunga kwenye chaki. Lile la maji nalo walilishusha usawa wa goti, sasa natia udhu mwenyewe.

Usiku wa kwanza baada ya saruji kukauka niliamka saa saba. Nikahamia kwenye kigari, nikapita ukumbini, nikatoka uani na tochi ya simu mapajani. Mke wangu alizinduka akakuta kitanda kitupu, akaja mbio anaita. Nikamjibu nikiwa ndani, "Nipo. Rudi ulale." Akabaki amesimama pale nje muda, namsikia, kisha akarudi.

Binti wa ami yangu yuko Uingereza miaka mingi, anafanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani. Nilimsimulia haya, naye akanambia kule England kuna ruzuku ya kurekebisha nyumba za watu wenye ulemavu, inafika hadi pauni 30,000, na halmashauri inatakiwa kisheria itoe jibu ndani ya miezi sita tangu ombi kamili lipokelewe. Nikasema basi wenzetu wameshapumzika. Akasema, "Kaka, hiyo miezi sita haianzi kuhesabiwa mpaka ombi likamilike, na kabla ya hapo mtu anamsubiri mtaalamu aje ampime." Nilinyamaza. Nchi yenye fedha zote zile, na mtu anakwama palepale nilipokwama mimi, kwenye kupimwa.

Ndiyo maana nasema, kama kuna kitu kimoja cha kubadilisha, ni kumpima mtu mapema, akiwa bado wodini. Mimi nililala hospitali wiki 11. Kwa wiki zote hizo ilikuwa inajulikana kwamba sitatembea, na nyumba yangu ilikuwa pale pale, haijahama. Mwanangu angeweza kupima milango na kimo cha baraza kwa futi ya jirani, akapiga picha, akazituma kwa simu. Mtaalamu angezitazama akiwa mezani kwake, na akaja tu kuhakikisha. Na akija, aje mmoja, na fomu moja, nyumba na choo chake. Uani ni sehemu ya nyumba, kila Mpemba anajua.

Jengine ni kwamba mambo madogo yalifungwa pamoja na makubwa. Mabomba mawili ya kushikia na kiti imara cha chooni ni kazi ya mchana mmoja, havingoji saini ya mtu Unguja kwa sababu ya rampu. Ningepata hivyo viwili Januari, ile homa ya Februari nadhani isingenifika, wala mke wangu asingekuwa na maumivu ya mgongo aliyonayo leo. Mpimaji apewe uwezo wa kuidhinisha vitu vya aina hiyo papo hapo. Na mtu aambiwe yuko wapi kwenye orodha. Nilipiga simu sijui mara ngapi, na jibu lilikuwa "bado, subiri". Kumwambia mtu "wewe ni wa 12, mwezi huu tumemaliza watatu" hakugharimu hata shilingi, na mtu anajua kama akope akajenge mwenyewe au angoje.

Siombi sadaka. Zanzibar imekuwa na sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 9 kinataja nyumba za kuishi pamoja na skuli na hospitali katika mambo ya kufikika.

Nikitakiwa kutoa alama, kazi ya mafundi naipa 9 kwa 10. Moja nimeitoa kwa sababu bomba la kushikia ni chuma cha kawaida, na kwa hewa yetu ya chumvi limeshaanza kutu kwenye maungio. Nimeshampigia fundi, atakuja kulipiga rangi. Kusubiri naipa 2.

Wiki mbili zilizopita kijana wa Mtambwe ameanguka, yuko hospitali, na madaktari wamewaeleza wazazi wake ukweli. Nilimtuma mwanangu kwao na futi. Amerudi na karatasi: baraza sentimita 35, mlango wa mbele 70, mlango wa choo 60, kutoka baraza hadi njia mita tisa, hapana haja ya kupinda. Picha amezipiga zote. Jana tumezipeleka pamoja na barua ya sheha wao, na yule mwashi wangu amesema Jumamosi atapita kuangalia choo.