Kipima upepo cha kununua Goma: tazama beringi kwanza

Malalamiko yanayonifikia kutoka mitaa ya Himbi, Keshero na Mugunga yanafanana: mtu kanunua turbaini ya kuzalisha umeme kwa upepo, iko juu ya paa, haizunguki. Wengi hawakupima upepo kabla. Wachache walipima, ila kwa kifaa kibovu, na hao ndio wanaoniuma zaidi, kwa sababu walijitahidi.

Skrini, rangi, programu ya simu, hayo sitayagusa. Mimi naangalia beringi, kile kipande ambacho vikombe vya kushika upepo vinazungukia. Nguvu ya upepo inafuata kasi kwa kipeo cha tatu (kasi mara kasi mara kasi): upepo wa mita 5 kwa sekunde ukisomwa 4.5, hesabu yako imeshapoteza asilimia 27 ya nguvu. Na kilima kizuri cha kuweka turbaini kinaachwa hivyo hivyo. Tena beringi haifi kwa siku moja. Inachakaa polepole, namba zinashuka, wewe unadhani msimu umebadilika. Kwa mchanga wetu mweusi wa volkano, unaoingia hata kwenye kitasa cha mlango, usitegemee huruma.

Dukani, puliza vikombe taratibu kisha uviache. Vizima hupunguza mwendo kidogo kidogo mpaka vitulie. Vibovu hukwama ghafla. Sogeza mhimili sikioni, uzungushe kwa vidole viwili. Ukisikia mkwaruzo, mrudishie mwenye duka.

Cha kwanza kwangu ni NRG 40C cha Marekani, na sifichi mapenzi yangu. Kina vikombe vitatu, sumaku ya ndani inatoa mawimbi bila betri, na kinaanza kuzunguka kwenye mita 0.78 kwa sekunde. Utanunua kinasa data kando. Ukiletewa cha mtumba, uliza mwaka: baadhi ya vilivyotengenezwa kati ya 2006 na 2008 vilitetemeka kwenye beringi vikasoma chini ya upepo halisi. Hivyo usivichukue hata kwa bei ya kutupa.

Cha pili ni Davis Vantage Pro2, kituo kidogo cha hali ya hewa. Kwa shule au shamba kinatosha kabisa, na kipima upepo chake kinachomoka, unakipandisha kwenye mlingoti peke yake. Mlingoti uwe mita 10, mbali na miti, na upime mwaka mzima.

Kestrel cha mkononi nakiweka cha tatu. Beringi zake ni za yakuti na feni yake ndogo unaibadilisha mwenyewe. Lakini ni cha kuchagulia kilima tu. Mchana upepo unatoka ziwani, usiku unageuka kutoka nchi kavu. Ukisimama ufukweni saa tisa alasiri utapata namba tamu isiyokuwepo usiku.

Vile vya bei poa vya mtaa wa Birere, visivyo na jina? Chezesheeni watoto.

Sasa wauzaji. Wanakudai dola juu ya dola, wanasingizia forodha na safari ya kutoka Mombasa, halafu ukiomba karatasi ya kalibresheni, inayoonyesha kifaa kimepimwa usahihi wake, wanakupa fotokopi moja wanayompa kila mteja. Nimeishika mkononi: namba ya kifaa kwenye karatasi haikufanana na iliyochongwa kwenye kifaa chenyewe. Na turbaini wanaziuza kwa wati zilizopimwa usawa wa bahari, wakati sisi tuko mita 1,500 juu na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Ulizeni namba ya kifaa kabla ya kutoa hata dola moja, na isipolingana na karatasi, ondokeni.