Mashine ya kunyonya unyevu ya lita 20: itengenezwe au inunuliwe nyingine?

Mashine ndogo ya kompresa (pampu inayozungusha gesi ya kupoza, kama kwenye friji), ile inayouzwa kama ya lita 20 kwa siku, inafaa sana nyumba za Mombasa, ila ina adui mkubwa: hewa ya chumvi. Ikiharibika, usiangalie kwanza umri wake. Angalia imeharibika wapi. Hitilafu ikiwa kwenye umeme, feni au boya la ndoo, mpe fundi. Ikiwa ndani ya njia ya gesi, mara nyingi ni heri kununua nyingine.

Kwanza hakikisha ni mbovu kweli. Zile lita 20 za kwenye boksi kwa kawaida hupimwa katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwenye nyuzi 27 na asilimia 60, mashine hiyohiyo ikiwa nzima hutoa karibu nusu tu. Dirisha likiwa wazi, haitashindana na upepo wa bahari. Nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, huendelea kutoa unyevu ukutani muda mrefu hata zikifungwa. Kwa hiyo funga chumba, iwashe saa 24, kisha pima maji.

Feni inazunguka lakini ndoo ni kavu? Safisha chujio, iache ifanye kazi dakika 15, chomoa plagi, fungua kifuniko na utazame koili, yaani mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita: moja ya baridi, moja ya moto. Ile ya baridi inatakiwa iwe na matone juu hadi chini. Ukiona mabomba mawili matatu ya mwanzo yameshika barafu na kwingine kukavu, gesi imepungua. Vitabu vya maelezo husema barafu huletwa na chumba chenye baridi, na huko Ulaya ni kweli, chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi. Mombasa kisingizio hicho hakipo. Barafu hapa ni chujio lililoziba, feni iliyochoka au gesi iliyovuja.

Koili zote mbili zikiwa na joto la chumba tu, mara nyingi kompresa haijawaka. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, kile kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia kompresa kuanza, na ni dawa rahisi. Fundi aitoe chaji, aipime kwa mita. Ikisoma chini ya namba yake kwa zaidi ya asilimia 10, aweke nyingine yenye mikrofaradi zilezile na volti zisizopungua za ile ya zamani. Kapasita ikiwa nzima, apime pini tatu za kompresa: usomaji mkubwa uwe sawa na jumla ya ile miwili midogo, na pini yoyote ikigusana na bodi ya chuma, kompresa imeungua. Kubadilisha kompresa kwenye mashine ya ukubwa huu hakulipi.

Gesi ndiyo sehemu ambayo watu wengi hupoteza pesa. Gesi haipungui kwa kutumika. Ikipungua, kuna tundu. Mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba vya koili) yaliyoshikana na bomba la shaba, yakilowa maji yenye chumvi, huliwa hadi yakawa unga mweupe. Koili za alumini tupu hutoboka bomba lenyewe, na ukiziba tundu moja, jirani yake liko njiani. Fundi anayetaka kuongeza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache. Anayejua kazi atapima kwa naitrojeni na povu la sabuni, atabadilisha drayeri (kichujio kidogo kinachonyonya unyevu ndani ya bomba la gesi), atavuta hewa kwa pampu ya vakyumu, kisha atapima gesi kwa mizani, gramu zilezile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kikisema R290, hiyo ni propani, inashika moto: asichomelee bomba lenye gesi, wala asiijaze aina nyingine.

Tundu likiwa kwenye kiungo cha shaba kinachoonekana na mapezi bado mazima, tengeneza. Likiwa ndani ya koili, acha. Na hata kwa hitilafu ndogo, bei ya fundi ikizidi theluthi moja ya mashine mpya, nunua mpya.

Mitumba ya Marekani iepuke kabisa. Ni ya volti 115 na hezi 60. Hata ukiweka transfoma, mota itapata hezi 50 za stima ya hapa, itazunguka polepole na kupata joto. Tena mwaka 2013 kampuni ya Gree iliomba zirudishwe zaidi ya mashine milioni mbili za aina hii zilizouzwa huko, kwa sababu zilikuwa zikipata joto kupita kiasi na kuwaka moto.

Ukinunua mpya, tafuta ya volti 220 hadi 240, mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga, tundu la mpira wa kutolea maji, na inayojiwasha yenyewe stima ikirudi. Aina isiyo na kompresa, yenye gurudumu la kunyonya maji, imetengenezewa nchi za baridi; hapa itakula tokeni na kuongeza joto. Hata ya kompresa ina joto lake: ya wati 300 inayotoa lita 10 kwa siku humwaga chumbani karibu wati 580. Chumba cha kulala chenye AC inayofanya kazi hakiihitaji. Iweke stoo, kabatini kwa nguo au kwenye vitabu, mbali na dirisha la baharini, na uiunganishe na kile kilinda friji kinachosubiri dakika chache baada ya stima kurudi.