Nyumba ya soba aliyokaa mdogo wangu: nyota tatu na nusu

Watu wakinisimamisha dukani kuniuliza habari za soba, zile nyumba wanamokaa wanaoacha madawa ya kulevya, huanza na chakula, wakaja kwenye ukuta, wakamalizia na bei. Nayajibu hayo mwanzo niyatoe njiani. Chakula kinatosha: asubuhi chai ya rangi na boflo, mchana wali kwa maharage au ugali kwa dagaa, Ijumaa samaki, na wanapika wenyewe kwa zamu. Ukuta upo ila si wa jela. Anayetaka kuondoka huondoka, na wapo walioondoka. Ada ya mwezi ilikuwa chini kidogo ya kodi ya mlango wangu wa duka Mlandege, na ukichelewa wanakupigia simu kwa adabu. Magodoro membamba. Vyoo visafi kuliko vya kwangu, maana kusafisha choo ni sehemu ya mafunzo.

Jina sitalitaja. Ni moja ya zile za Unguja, nje ya mji, na mengi ninayoyalalamikia hapa nimeyasikia pia kwa waliopeleka watoto wao nyumba nyengine. Mie nataka kupima kitu kimoja tu: mtu akishaacha unga, yaani heroini, nyumba ile inamfanyia nini moyoni mwake? Maana ya mwili yale, pamoja na vitisho vyake vyote, ndiyo yanayokwisha mapema.

Arosto ilimkamata usiku ule ule tuliomfikisha. Mwenye kuzoea unga akiukosa, ndani ya masaa 8 hadi 12 huanza miayo, makamasi na baridi ya mifupa. Siku ya pili na ya tatu ndiyo balaa lenyewe, tumbo linakatika, miguu haitulii. Kisha inalegea, na ikifika wiki hivi anakunywa uji na ukakaa. Walikesha naye kwa zamu, wakamkanda, wakamwosha, hawakumcheka. Hapo natoa nyota zote. Kila aliyemshika alikuwa ameipita njia ile mwenyewe. Ndivyo soba za kwetu zilivyo tangu zilipoanza Unguja mwaka 2009, zinaendeshwa na waliotumia wakaacha. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdanganya kwamba unaumwa kichwa tu.

Kilichonishangaza kilikuja mwezi wake wa pili pale. Nilimkuta amenawiri, mashavu yamerudi, nikafurahi. Yeye akaanza kulia. Anamlilia baba. Baba yetu alifariki miaka minne nyuma. Siku ya hitima huyu bwana alikula pilau akaondoka, na jioni tukagundua na mtungi wa gesi umeondoka. Chozi hakutoa. Leo analia mpaka kanzu inarowa, ananiuliza baba alisema nini mwisho, nani aliingia kaburini, nani alimwosha. Nikamvuta meneja pembeni, nikamwambia kaka, mtoto ameharibika huyu, mbona tulimleta ana akili zake? Akanijibu, "Dada, ndiyo kwanza anamzika baba yake."

Nililala na neno lile. Unga unaua maumivu yote, ya jino na ya msiba. Mtu aliyeanza ana miaka kumi na tisa akaacha ana ishirini na nane, misiba yake, aibu zake na hofu zake za miaka tisa hakuzipitia hata moja. Anaanza kuzipitia sasa, zote kwa mkupuo, akiwa na akili zake kamili na godoro jembamba. Nyumba inayolijua hilo na nyumba inayomfungia mtu tu asione kete, kile kipakiti cha unga, ni vitu viwili mbali.

Hii inalijua, nusu. Kila baada ya chai kuna kikao. Wanakaa duara juu ya mkeka, kila mmoja anasema ameamkaje, na "poa" haipokelewi. Ataulizwa tena na tena mpaka atoe lililomo: nina hasira na fulani, naona aibu, nimemuota mwanangu, nimeamka na hamu ya unga. Mdogo wangu anasema wiki za mwanzo alikichukia kikao kile kuliko arosto. Namwamini. Mwanamme wa kwetu ukimuuliza moyo wake ukoje atakupa habari za Simba na Yanga.

Ukutani wameandika kwa rangi ya buluu: njaa, hasira, upweke, uchovu. Hamu ikipanda, kabla hujatoka mlangoni, unajikagua ni lipi kati ya hayo manne limekushika, unalishughulikia hilo kwanza. Hawakulibuni wao, wanaoacha ulevi nchi nyingi wanafundishwa hivyo hivyo. Lakini hebu lifikirie ndani ya Ramadhani. Alasiri ya mwezi wa Ramadhani mtu anayo matatu kwa pamoja, na kama mkewe ameshamwacha, yote manne. Wengi tuliokuwa na watu mle tuliogopa mwezi ule.

Na hapo ndipo waliponipata. Kikao walikitoa asubuhi wakakiweka baada ya sala ya alasiri, saa ile mbaya yenyewe. Wakitoka hapo wote jikoni: huyu anakuna nazi, yule anamenya muhogo, mwengine kasimamia mikate ya kumimina. Hakuna aliyeachwa alale mpaka magharibi. Baada ya tarawehe kikao cha pili, kifupi, kwa wasiopata usingizi, na wasiopata usingizi ni wengi, maana usingizi huchelewa kurudi miezi baada ya unga kutoka. Vijana wawili wa bara, Wakristo, walikula mchana chumba cha nyuma bila kusemwa na mtu, na jioni wakafuturu pamoja na wenzao. Nimewaona kwa macho yangu wakigombea tambi.

Sasa malalamiko, na la kwanza linanihusu mimi.

Wanafuata hatua 12 za Narcotics Anonymous, ule ushirika wa mikutano ya wanaoacha madawa, ulioanzia California mwaka 1953. Hatua ya nane unaandika orodha ya uliowadhuru. Ya tisa unawaendea kutengeneza ulichoharibu, isipokuwa pale ambapo kuwaendea kutawaumiza zaidi. Ukisoma, unasema kweli hapa pana hekima. Basi Jumapili moja ya wageni, mbele ya familia nyengine, mdogo wangu akasimama na karatasi ya daftari akaanza: bangili mbili za dada, cherehani ya mama, mtungi wa gesi, pesa za mchango wa harusi, simu ya shemeji. Vyengine nilikuwa sivijui. Kwa bangili zile msichana wa kazi wa mama alinyooshewa vidole mpaka akaomba mwenyewe kurudi kwao Pemba, na yeye kwenye orodha hakuwemo. Watu wananitazama, wanangoja nilie nimkumbatie kijana. Nikamwambia, "Muongeze na yule msichana," nikakaa.

Nilionekana mtu mbaya siku ile. Lakini nani alinitayarisha? Kikao cha familia kilikuwa kimoja kwa muda wake wote, nacho ni mhadhara: uraibu ni maradhi, msiwanyanyapae, ahsanteni, karibuni juisi. Ni maradhi, sibishi. Ila mie na mama nasi tuna hasira za miaka tisa, tuna usiku wa kulala tumekumbatia mikoba, na kwetu hakuna aliyetandika mkeka akatuuliza tumeamkaje. Msamaha unaoombwa hadharani, kwa mtu asiyejua kama ataombwa, unamfaa zaidi anayeomba. (Msichana aliongezwa. Mdogo wangu alipanda boti kwenda Pemba baada ya kutoka. Waliyozungumza sijui, na sikuuliza.)

La pili ni zito. Mwezi wa nne hivi akaacha kula. Kikaoni haongei. Akamwambia mwenzake wa chumba kwamba watu wangepumzika kama yeye asingekuwepo. Yule mwenzake, Mungu amjaze kheri, hakunyamaza, alikwenda kusema. Na jibu la kwanza la nyumba likawa nini? Azifanye hatua zake vizuri, azidishe ibada. Mama yangu alikuja juu siku hiyo, mwanamke asiyepandisha sauti hata sokoni. Mdogo wangu akapelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, daktari akamkalisha, akamsikiliza, akasema hii ni sonona, akampa vidonge na tarehe za kurudi. Tukadhani yamekwisha. Mmoja wa walezi akaleta hoja kwamba kidonge ni kidonge, aliyeacha aache vyote.

Huo ni ujinga unaoua. Dawa ya sonona iliyoandikwa na daktari haimleweshi mtu, na hakuna atakayeiuza kwa kete maskani. Meneja alimaliza ubishi, vidonge vikafungiwa kabatini ofisini na kutolewa kwa wakati wake, na baada ya wiki kadhaa kijana akaanza tena kugombana na watu juu ya zamu ya vyombo, nikajua amerudi. Sifa ya nyumba hizi ni kwamba wanaokulea wameyapitia. Kasoro yake ni hiyo hiyo: aliyepona kwa hatua na sala huona kila mtu atapona kwa hatua na sala. Watu ishirini na kitu wanalala pale, na hapakuwa na mnasihi aliyesomea kazi yake anayekuja hata mara moja kwa wiki. Kuhuzunika kwa kijana aliyeacha unga ni jambo la kawaida na hupita. Sonona nayo inakaa na inataka matibabu, na si kila aliyewahi kutumia unga anaweza kuzitenganisha. Na wako akisema maneno kama yale, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

La tatu ni siku ya kutoka. Walimpa mkono, wakampa cheti, wakapiga makofi. Hawakutuambia kwamba mwili uliokaa miezi bila unga umeshapoteza uzoefu, na kile kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumsimamisha pumzi. Wiki za mwanzo baada ya kutoka soba au jela ndizo za hatari kubwa ya kufa. Niliambiwa hayo na muuguzi, si na wao. Nilipomuuliza meneja, akasema hawapendi kumtabiria mtu kwamba atarudia. Namuelewa, simkubali. Mvuvi akifundishwa kuogelea hakutabiriwa kuzama.

Na soba si njia pekee. Jirani yetu mtoto wake yuko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, hapo hapo Kidongo Chekundu: kila siku anakunywa kipimo chake mbele ya muuguzi, halipi kitu, analala kwake na wanawe, na baharini anakwenda. Alikokaa mdogo wangu hawapokei mtu wa methadoni, na baadhi ya waliotoka soba huwasema wale kwamba ni mateja bado. Dharau hiyo siipendi. Mwenye watoto wanaomtazama yeye kwa chakula cha leo, miezi ya kufungiwa ataitoa wapi?

Sasa yuko dukani kwangu, anakata vitambaa. Droo ya pesa hashiki bado, na hilo alilisema yeye kabla yangu. Jioni anakwenda mkutano mjini, kwa sababu magharibi ndiyo saa aliyokuwa akielekea maskani na miguu haijasahau, na ana sponsa, mtu aliyetangulia kuacha na anayemshika mkono, anayempigia hata saa saba za usiku. Kikao cha mkekani kimemganda. Mteja akimpandisha, husema kwa sauti, "Dada, nina hasira," kisha anatoka nje akanunua muhogo wa kukaanga. Mwanzo nilitamani ardhi inimeze. Wateja wameshazoea, bibi mmoja aliyekuwa akibishana naye bei ya kanga alimjibu, "Hata mie, mwanangu. Nikatie na mimi muhogo."

Basi nyota tatu na nusu. Tatu ni za kikao, za Ramadhani ile, na za mikono iliyomwosha akiwa hatamaniki. Nusu ni ya meneja na lile neno lake juu ya baba. Ukitaka kumpeleka wako, kabla hujalipa uliza daktari wao ni nani na anakuja lini, uliza kama vidonge vya hospitali vinaruhusiwa, na uliza vikao vya familia ni vingapi na nyinyi mtasema au mtasikiliza tu. Wakikujibu kwa kukuonesha vyumba, uliza tena. Siku za wageni ni baada ya adhuhuri, njia ina vumbi. Mpelekee kandambili jozi mbili, zile za pale hazina mwenyewe.