Kitabu cha Wangari Maathai kilichonifikia bila kijito

Duka nalipa nyota moja, na hiyo moja ni ya kijana wa boda aliyeniletea mzigo mvua ikimnyeshea.

Niliagiza *Unbowed*, kitabu cha mwaka 2006 ambacho Profesa Wangari Maathai anasimulia maisha yake, kutoka duka moja la vitabu hapa Nairobi. Nilitaka kwenda nacho nyumbani Nyeri wakati wa Krismasi nimsomee Mama. Macho yake yamechoka, na yeye ni wa upande ule ule wa milima ya Aberdare, mto Gura anaujua kwa ngurumo yake. Kitabu kilikuja kimefungwa nailoni, jalada linang'aa. Sikukifungua hapo hapo. Sawa, hilo ni langu, lakini nani hununua kitabu kipya akaanza kuhesabu kurasa?

Jioni ya kwanza tumekaa jikoni, nasoma nikimtafsiria kwa Kikuyu. Tukafika Ihithe, kijijini kwao Wangari. Msichana ametumwa kuni, na mama yake anamwonya asiokote za mugumo, aina ya mkuyu, maana ule ni mti wa Mungu. Mama akaacha kumenya viazi. Nikageuza ukurasa: sentensi imekatikia njiani, na ukurasa unaofuata unazungumza mambo mengine kabisa. Kurasa 16 hazipo. Hazikuchanwa, hazikuwahi kutiwa. Nilipitisha kidole pale katikati, gundi imeshika vizuri tu.

"Na maji?" Mama akauliza. "Penye mugumo hapakosi maji."

Niliona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeyamwaga.

Niliporudi mjini nikaenda dukani na risiti yangu. Dada wa kaunta alikuwa kwenye simu, akapekua kitabu kwa kidole kimoja. "Madam, hizi ni za utotoni tu. Stori yenyewe iko mbele, mambo ya Uhuru Park na Nobel." Nikamwomba anibadilishie. Akasema kilichotoka dukani hakirudi, akamwita mteja wa nyuma yangu.

Kusema haki, kitabu kutoka mtamboni na kasoro si kosa la duka. Hapo ningewapa hata tatu. Lakini lile "tu" limenikaa kooni mpaka leo.

Nilikopa nakala ya rafiki nikasoma kile nilichonyimwa. Ni kijito kilichoanzia karibu na mugumo ule, maji safi, mtoto anayanywa pale pale. Chini ya majani ya nduma anaona mayai ya chura, anadhani ni shanga, anajaribu kuyainua na yanamponyoka. Siku nyingine anakuta viluwiluwi. Baadaye sana, akiwa mtu mzima, anarudi na kukuta mwenye shamba amekata mti ule apate nafasi ya chai, na kijito kimekauka. Na yeye, daktari wa sayansi, anaeleza kwamba mizizi ya mugumo ilikuwa inapenya mwamba hadi kwenye maji ya chini na kuyafungulia njia ya kupanda juu, na pia ilishika udongo usiporomoke. Ukiuondoa mti, umeziba chemchemi. Wazee walilinda maji kwa kuuheshimu mti.

Sasa niambieni bila kurasa hizo utaelewaje kwa nini mwaka 1977 alianza kupanda miche na akina mama waliokosa kuni na maji? Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel Oslo mwaka 2004, hotuba yake aliimalizia kwa kijito hicho hicho, na mayai yale ya chura. Profesa mzima, mbele ya dunia nzima! Mambo ya utotoni *tu*?

Juzi nilipeleka nyumbani fotokopi za kurasa zile. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye mti kukatwa Mama alinyoosha mkono nisimame, akaanza kutaja vijito vya kwao alikokuwa akiteka maji kabla hajaolewa, kimoja kimoja kwa majina. Viwili sikuwahi kuvisikia maishani mwangu, na nimezaliwa hapo. Nikaandika majina pembeni mwa fotokopi kwa kalamu.

Kwa hiyo kitabu nakipa tano, ningekuwa na kumi ningetoa. Nilimwambia Mama nitamnunulia nakala nzima kwingine, akakataa katakata, anataka hiyo hiyo yenye karatasi zake zilizobanwa na pini. Duka linabaki na moja. Nimeifuta mara mbili, nimeirudisha.